Uchambuzi wa kisa: siku 12 za kukaimu, orodha ya soko, na kopo la rangi nyekundu

Hiki kisa nakiandika kwa ajili ya wakuu wa idara na vitengo, hasa nyie ambao ndo kwanza mmeanza kuachiwa kiti bosi akisafiri. Halmashauri ni ya mjini, ipo huku kwetu Arusha na Moshi, ipi kati ya hizo sisemi, na soko lenyewe silitaji. Namba nimezisogeza kidogo kidogo ila uwiano nimeuacha ulivyo, na watu wote nimewatoa majina. Aliyekuwepo atajijua, asiyekuwepo hana haja ya kujua.

Mimi wakati huo nilikuwa mkuu wa idara ya utumishi na utawala. Masoko hayakuwa yangu kabisa. Mafaili ya likizo, watumishi wanaogombana, mtu amekaa na barua ya uhamisho miezi minne hataki kuondoka, hayo ndo yalikuwa yangu.

Soko lenyewe na hali ilivyokuwa

Soko lilikuwa la zamani, vizimba 312 kwa mujibu wa mikataba, mabati yametoboka, mtaro wa katikati umeziba toka enzi. Mvua ikinyesha wauza nyanya wanapanda juu ya makreti. Pango la kizimba lilikuwa shilingi 15,000 kwa mwezi, bei ambayo haikuwahi kuguswa kwa miaka, na kila mtu mjini anajua maana yake: mwenye mkataba haji sokoni, anampangisha mtu kwa 80,000 au 100,000, analipa halmashauri 15,000 yake, inayobaki anakula. Hili sio siri ya soko moja, mtu yeyote aliyefanya kazi na vibanda vya halmashauri kwenye miji yetu amekutana nalo.

Juu ya hapo kulikuwa na lile zoezi la nchi nzima la kuwapanga machinga, Oktoba 2021. Waliotolewa barabarani sio wote walienda kule walikopangiwa, wengine walijipenyeza kwenye vichochoro vya soko, wakatandika turubai, na siku zikaenda wakawa sehemu ya soko bila kuandikwa popote.

Baraza la madiwani likapitisha kujenga upya sehemu kubwa ya soko kwa mapato ya ndani. Mkandarasi akapatikana, mkataba ukasainiwa, wafanyabiashara wahamie uwanja wa wazi wa jirani kwa miezi 9 kisha warudi. Kwenye karatasi inasomeka vizuri. Presha ilikuwa masika, maana usipochimba msingi kabla ya katikati ya Machi huku kwetu, basi tena, utachimba bwawa. Na mkandarasi ana siku zake za kukabidhiwa eneo, zikipita anaanza kuandika barua za kudai muda na hela ya kusubiri.

Hapo hapo ni msimu wa bajeti. Mkurugenzi na mweka hazina wakaitwa Dodoma. Nikapewa barua ya kukaimu, mistari miwili, siku 12.

Kwa mnaokuja nyuma yetu niseme tu hiki kiti kikoje. Mkurugenzi anateuliwa na Rais, Mstahiki Meya anachaguliwa na madiwani kutoka miongoni mwao, na mkurugenzi huyo huyo ndo katibu wa baraza. Sheria yenyewe ni ile ya mamlaka za miji, Sura 288, ya mwaka 1982. Pembeni yuko DC, yaani mkuu wa wilaya, na RC, mkuu wa mkoa, na juu ni TAMISEMI, ofisi ya Rais inayosimamia serikali za mitaa. Kwahiyo ukikikalia unapigiwa simu na diwani, na mkuu wa wilaya, na mtu wa wizarani, siku moja, na kila mmoja anaongea kama vile we umeajiriwa na yeye. Mwenye kiti amezoea, anajua yupi wa kumjibu "nimekusikia mheshimiwa" na yupi wa kumjibu kwa barua. Kaimu hajui. Mimi sikujua.

Siku zenyewe

Jumatatu nimepokea ofisi. Kabla ya kupanda gari bosi akaniambia, "Madam, orodha ya soko tu. Nikirudi niikute imekamilika." Nikaona ni kazi ndogo.

Jumanne nikaletewa orodha. Tatu. Ofisa masoko kaleta ya kwake, majina 312 yaliyotolewa kwenye mikataba. Mwenyekiti wa soko ya kwake ina 347. Na diwani mmoja akaja mwenyewe mpaka ofisini na karatasi ya daftari la hesabu, ile ya vimraba, imekunjwa mara nne, ina majina 41, akaiweka mezani akasema "Hawa ni wananchi wangu, wamesahaulika." Nikamuuliza wanauza nini, akasema "biashara." Nikamshukuru, nikaiweka kwenye jalada, nikaandika tarehe na jina la aliyeileta. Hiyo ya kuandika nani kaleta nilifundishwa na mzee mmoja wa masijala miaka mingi nyuma, na ilikuja kunisaidia kuliko kitu kingine chochote.

Jumatano timu ya menejimenti ikakaa. Mjadala ulikuwa tuchukue orodha ipi. Ofisa masoko alitetea ya mikataba kwa sababu ndo ya kisheria, na kwa kweli alikuwa na hoja. Mimi nikasema hatuchukui hata moja, tunakwenda kuhesabu. Na fomu iwe na safu mbili, safu ya kwanza jina lililoko kwenye mkataba, ya pili jina la mtu tuliyemkuta amekaa pale na kitambulisho chake. Mwanasheria akanitazama akasema, "Ukishaandika hiyo safu ya pili huwezi kuifuta." Nikacheka. Sikupaswa kucheka.

Alhamisi saa tatu asubuhi timu ikaingia sokoni, makarani wanne na vijana wawili wa fildi kutoka chuo cha serikali za mitaa cha Hombolo. Kila kizimba kinachohesabiwa kinapigwa namba. Sasa mtu wa stoo alitoa rangi iliyokuwepo, na iliyokuwepo ilikuwa nyekundu.

Kama unaishi nchi hii unajua rangi nyekundu ukutani ni nini. Ni X. Ni bomoa. Vijana wakapiga 1, 2, 3 nyekundu, mpaka wanafika kizimba cha 60 hivi mama mmoja wa mitumba ameshaanza kufunga robota lake, anafunga huku analia, jirani yake akamuona naye akaanza. Saa sita mchana nusu ya soko imefungwa, picha zimeenda kwenye magrupu ya WhatsApp na maneno yameongezwa kwamba trekta linakuja usiku. Vijana wa mkokoteni wakakaa barabarani. Simu ikaita, DC: "Kaimu, kuna nini huko sokoni kwako?"

Sokoni kwangu.

Nikaenda mwenyewe. Sikwenda na mgambo, na hili sikulifanya kwa busara, nilikuwa tu sikumbuki namba ya kiongozi wao. Nikasimama juu ya kreti ya soda karibu na wauza vitunguu, sina spika, nikapiga kelele kwamba hakuna kubomoa leo wala usiku, rangi tumekosea, kesho tunakuja na ya bluu. Mzee mmoja akasema kwa sauti, "Sasa si mngeanza na hiyo ya bluu." Watu wakacheka, na pale ndo nikajua yamepita. Tukanunua kopo la bluu, Ijumaa tukafuta tukaandika upya. Gharama ya kopo, hela ndogo sana.

Ijumaa hiyo jioni tumemaliza, vizimba 309 vina watu, vitatu vitupu. Niko ofisini najisikia vizuri. Mlinzi akaja kusema kuna mama anataka kuniona na hataki kuondoka. Akaingia mama wa makamo, kitenge kiunoni, miguu ina tope kavu. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia, akakaa, akaniuliza:

"Mwanangu, mimi mmenihesabu saa ngapi?"

Nikamwambia tumeanza saa tatu mpaka saa tisa, kila aliyekuwepo kaandikwa.

"Saa tatu mimi nimeshafika nyumbani. Mimi soko langu ni saa kumi."

Nikadhani anasema saa kumi jioni. Akanisahihisha, saa kumi alfajiri.

Jumamosi nikaamka saa tisa usiku nikaenda. Kuna soko lingine kabisa pale. Fuso mbili zimerudi kinyumenyume mpaka mlangoni, moja ina nyanya za Ngarenanyuki, nyingine vitunguu vya Mang'ola, ndizi zimeshushwa chini kwenye majani yake, wanawake wamewasha tochi za kichwani, wengine tochi ndogo ya simu wameing'ata kwa meno ili mikono yote miwili ibaki ya kuhesabu. Bei zinatajwa kwa kunong'ona. Hakuna kizimba hata kimoja kinachotumika, ni pale uwanjani kwenye parking na kwenye kile kichochoro cha mabucha. Saa mbili asubuhi wanafagia, wanaondoka, na ofisi ya halmashauri inafunguliwa saa moja na nusu lakini nani wetu anapita sokoni saa moja na nusu. Tumekaa miaka na watu hawa na tunakula kwenye ushuru wao kila siku.

Maana walikuwa wanalipa. Yule mama akafungua fundo la kitenge akanitolea risiti za mashine ya POS, bunda lililofungwa na raba, akaniambia za miaka mitatu. Nikaziangalia kwa tochi. Nyeupe. Zile karatasi zinafifia, baada ya miezi kadhaa unabaki na kipande cha karatasi laini kisicho na herufi. Zile mpya mpya zilizosomeka hazikuwa na jina la mlipaji, zimeandikwa ushuru wa soko basi. Yaani mfumo unajua hela imeingia, haujui imetoka kwa nani.

Aliyejua ni mkusanya ushuru wa zamu ya alfajiri, kijana wa mkataba, analipwa kidogo na hajawahi kuitwa kikao chochote. Nikamwomba atembee na karani. Anaelekeza kwa kidole: huyu mama fulani, yupo toka mwaka fulani, huyu ni mgeni ana wiki mbili, huyu ni mdogo wake yule amemshikia kwa sababu mwenyewe kajifungua. Tukarudia Jumatatu alfajiri, kila mmoja na majirani wawili wa kumshuhudia. Tukapata 118.

Maamuzi niliyoyafanya na kwanini

La kwanza ni hilo la kwenda kuhesabu badala ya kuchagua orodha. Ningechukua ya mikataba ningekuwa salama kisheria, ila siku ya kuhama wangekuja watu wa 80,000 na mizigo yao na majina yao hayapo, na ningelazimika kuita polisi kuwaondoa watu ambao ndo wenye soko haswa.

La pili nililiazima. Miradi ya miji ya fedha za Benki ya Dunia, kama huu wa TACTIC, ina utaratibu wa tarehe ya ukomo: unatangaza kwamba aliyekuwepo mpaka siku fulani ndo anatambuliwa, anayekuja kesho yake hatambuliki. Mradi wetu ulikuwa wa hela zetu wenyewe, hakuna aliyetulazimisha, ila nikaona bila hiyo tarehe zile 41 za diwani zitakuwa 80 mpaka wiki ijayo. Nikatangaza ukomo Jumatatu ile saa tatu asubuhi.

La tatu, kubandika. Orodha yote ikabandikwa ukutani kwenye lango la soko na ofisi ya kata, siku tano, mwenye pingamizi aandike. Ofisa masoko hakupenda, alisema tunaanika siri za wapangaji. Kweli tulianika. Siku ya pili tu watu walikuwa wanasoma kwa kidole na kucheka, kwa sababu safu mbili zikiwa pamoja kila mtu anaona nani ni mwenye mkataba wa kizimba ambacho hajawahi kukikalia.

Kabla ya kubandika nilifanya kitu kimoja kwenye Excel ambacho nakisema kwa kirefu maana naona bado wengi hawakifanyi. Nilipanga mikataba kwa namba ya simu badala ya jina. Kwa majina ilikuwa safi, watu 312 tofauti. Kwa simu ikaanguka. Mtu mmoja alikuwa na vizimba 9: jina lake, la mke, la watoto wawili, la mtu aliyefariki, na kadhalika, simu ile ile. Nikaendelea kushuka na listi. Ukurasa wa saba kuna mikataba miwili, jina la mama mkwe wangu na jina la wifi yangu, namba moja. Nilidhani labda nimekosea kusoma, nikaibonyeza kwenye simu yangu ili nihakikishe, simu ikaniletea yenyewe: "Wifi Moshi".

Nilikaa kidogo na mlango nimefunga. Kisha asubuhi nikasema kwenye kikao cha menejimenti kwamba vizimba hivi viwili ni vya ndugu wa mume wangu, nikaomba iandikwe kwenye muhtasari, na ukurasa huo mzima nikamkabidhi mwanasheria ashughulikie yeye bila kuniuliza. Nyumbani sikusema kitu mpaka orodha ilipobandikwa. Mume wangu alinuna wiki. Wifi, tuseme Desemba ile kihambani, kwenye shamba la ukoo, nilipakuliwa mtori wa baridi, na mpaka leo sina hakika kama ilikuwa bahati mbaya.

La nne ndo kubwa. Nani ana haki ya kurudi, mwenye mkataba au anayekaa? Mikataba ilikuwa na kifungu kinachokataza kupangisha bila idhini, kwahiyo ungeweza kusema wote hao wamevunja. Lakini halmashauri ilikuwa inajua na inapokea hela yake miaka yote, mwanasheria akasema wakienda mahakamani hilo litatuuma. Nikaamua nisiamue. Kaimu anaendesha mambo ya kila siku, kugawa upya mali ya halmashauri sio jambo la kila siku. Nikaandika dokezo sabili, yaani maelezo ya ndani ya ofisi, lenye njia tatu, nikaeleza ubaya wa kila moja, likaenda kwa mkurugenzi ili alipeleke kamati ya fedha na uongozi. Nilichoamua mimi ni kule kwenye uwanja wa muda tu: kule anaenda anayekaa. Mwenye mkataba asiyekaa hana mzigo wa kuhamisha, kwahiyo hahitaji nafasi ya muda. Haki ya kurudi itaamuliwa na kamati.

Nikaandika tangazo. Aya mbili, ya kwanza kuhusu kuhama, ya pili inasema wazi kwamba kuhesabiwa hakumaanishi umepata kizimba kwenye soko jipya. Nikalisoma mara tatu, nikasaini, likapewa gari la matangazo.

Mtangazaji wa lile gari, Mungu amsaidie, aliona aya ya pili ni ndefu. Nikiwa ofisini nasikia linapita: "Wafanyabiashara wote mliohesabiwa, mtahama na mtarudi, karibuni sana, kazi iendelee." Linapita na muziki. Lilizunguka mji mzima mpaka saa kumi na mbili jioni. Nilimpigia ofisa habari, akampigia dereva, kesho yake likasoma vizuri, ila we unadhani nani alisikiliza la pili.

Ilivyoisha

Bosi alirudi Jumamosi. Alisoma jalada lote pale pale, akaniambia, "Umenifanyia kazi nzuri na umenipa vita." Sijui lipi lilikuwa na uzito.

Kuhama kulifanyika Jumapili iliyofuata na Jumatatu yake, hakuna bomu wala rungu, mkandarasi alikabidhiwa eneo siku tatu nyuma ya muda. Hakudai. Mvua zikamchelewesha yeye mwenyewe, miezi 9 ikawa 13.

Na hapo ndo likatoka lile ambalo hakuna kati yetu aliyeuliza mwanzoni. Michoro ya soko jipya, kwa sababu ya vyoo, njia ya gari la zimamoto na mitaro mipana, ilikuwa na vizimba 286. Sio 312. Mhandisi alijua toka siku ya kwanza, michoro ilikuwa kwenye jalada la ujenzi ghorofa ya juu, na mimi niko chini nahesabu watu. Tulikuwa tumehesabu 309 wa mchana na 118 wa alfajiri, na gari limeshawaambia wote watarudi.

Kamati ya fedha ilikaa vikao vitatu. Ikaamua mtu mmoja kizimba kimoja, na anayekaa ndo anapewa mkataba, awe alikuwa na mkataba mwanzo au alikuwa anapangishiwa. Wa kwanza hao, wenye mikataba waliokuwa wanakaa wenyewe, walikuwa 188, yule wa vizimba 9 akiwemo kwa sababu kimoja alikuwa anakikalia kweli. Waliokuwa wamepangishwa 121. Ukijumlisha unaona bado wamezidi. Kilichotuokoa, ukweli niuseme, ni ule ucheleweshaji: ndani ya miezi 13 watu 31 hawakurudi, wengine walikuwa wamehamia masoko mengine, wengine walikufa mtaji kule uwanjani kwa vumbi na kukosa wateja, watatu walifariki. Vikabaki vizimba 8. Viwili vikapewa watu wenye ulemavu, sita vikagombewa na watu 14 ambao kweli walikuwa wa sokoni ila siku za kuhesabu hawakuwepo. Mmojawapo alikuwa anamuuguza mwanae KCMC wiki hiyo yote. Alikosa kwenye bahati nasibu. Alikuja ofisini mara mbili kisha akaacha kuja.

Wa alfajiri hawakupata vizimba, na hawakuviomba. Walitaka waruhusiwe kushusha mzigo saa kumi bila kufukuzwa na wawe na paa. Wakajengewa banda la kushushia pembeni ya parking na muda wao ukaandikwa kwenye sheria ndogo za soko. Hili lilikuwa jepesi kuliko yote na lingetupita.

Pango likapanda mpaka 40,000. Kwa aliyekuwa analipa dalali, yaani mwenye mkataba asiyekaa, 100,000 hiyo ni nafuu, kwa wale 188 waliokuwa wanalipa 15,000 ni karibu mara tatu, na walilalamika, na walikuwa na haki ya kulalamika, maana hawakuvunja mkataba wowote. Hilo nadhani kamati ililiamua vibaya, wangepandishiwa taratibu. Mwenye vizimba 9 alitupeleka mahakamani akidai hakupewa notisi ya kutosha. Iliishia kwa makubaliano nje ya mahakama, alisamehewa deni dogo la pango akaondoa kesi. Diwani wa majina 41 alipobanwa kwenye kikao kwamba hao watu wako wapi, alisema yeye hajawahi kuleta orodha. Jalada likafunguliwa, karatasi ya vimraba ipo, tarehe ipo, na aliyeileta ameandikwa.

Ninavyoliona sasa

Safu mbili zilifanya kazi, kubandika kulifanya kazi. Watu wanaogopa kubandika kwa sababu kelele zinakuja mapema, ila ukificha zinakuja siku ya ufunguzi mbele ya mgeni rasmi. Tuliona Kariakoo, soko liliungua Julai 2021, na 2024 ilipofika zamu ya kuwarudisha wafanyabiashara, ni majina yaliyozua maneno, jengo lenyewe hakuna aliyeligombea.

Kutenganisha nafasi ya muda na haki ya kurudi, hilo nalo bado nalitetea, japo nililiharibu mwenyewe kwa kudhani kwamba kilichoandikwa ndo kitakachosikika. Wananchi wa soko hawasomi barua yangu, wanasikia gari. Siku hizi tangazo naandika sentensi ambayo hata ikikatwa katikati haiwezi kugeuka ahadi, yaani ile ngumu inatangulia: "Kuhesabiwa sio kupewa kizimba." Kisha ndo karibuni na kazi iendelee.

Kosa la rangi wengi wananihurumia kwa lile, ila mimi naliona dogo, lilitugharimu siku moja na likatuletea yule mama, maana alikuja kwa sababu ya zile kelele. Kosa langu hasa ni la michoro. Nilihesabu watu kabla ya kujua nafasi. Ningepanda ngazi zile Jumatatu nikamuuliza mhandisi swali moja, vizimba vipya vingapi, tangazo lingeandikwa tofauti, fomu ingekuwa tofauti, pengine hata wale madalali tungewaambia mapema. Sikupanda kwa sababu idara ya ujenzi ni ya mwingine na mimi nilikuwa kaimu, nilikuwa naogopa kuonekana nachungulia kazi ya mwenzangu. Uoga huo kwenye ofisi zetu mnaujua.

Na barua ya kukaimu ya mistari miwili nilipaswa kuikataa, au tuseme kuirudisha kwa adabu, "Mkurugenzi, naomba iseme nisaini nini na nini nisisaini." Ningejua mpaka wangu. Badala yake nilikuwa nakisia kila siku, na siku moja niliyokisia vibaya ndo siku ya gari.

Kuhusu wifi sina uchambuzi.

Nilihamishwa mwaka uliofuata, uhamisho wa kawaida, wanasema. Fomu ya kuhesabia niliiacha na nilikuwa nimeiongezea safu ya tatu, SAA ULIYOMKUTA, kwa ajili ya watu wa alfajiri. Mwaka jana nilipita pale kwa shughuli nyingine nikamkuta karani anahakiki soko jingine na fomu ile ile, nikafurahi, nikaomba niione. Safu ya tatu ilikuwa imeandikwa "asubuhi" kwenye mstari wa kwanza, na chini yake vile vialama viwili vya kurudia, mpaka mwisho wa ukurasa.